Kipindi cha Saa Kumi

Tarime, 12 Machi 2024

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumaini Simoni wa gari la mizigo amekufikishia barua hii kabla mvua haijaharibu barabara, na kwamba mgongo umetulia. Mimi mzima, kile kikohozi kimeisha.

Habari kubwa ya huku ni kwamba redio yetu imeuzwa. Mzee aliyeianzisha amechoka, watoto wake hawaitaki, basi amewauzia watu wa kampuni moja ya Dar ambao tayari wana redio nyingine kumi na moja. Jana bosi mpya alikuja akatukusanya studio. Faraji akamuuliza, "Na kipindi chetu cha michezo?" Akajibu, "Hakuna kitakachobadilika, jamani. Tumekuja kuongeza nguvu tu." Faraji, ambaye tumekaa naye maiki kwa maiki miaka sita, akaninong'oneza, "Beryl, anza kukusanya vitu vyako." Nilicheka, lakini moyoni sikucheka.

Kwa sasa saa kumi jioni bado ni yangu. Unanipata vizuri huko? Nikisema "wasikilizaji wetu mlio mbali", ujue nakusalimia wewe.

Mwanao,
Beryl

---

Kambini, ng'ambo ya Natta, 21 Machi 2024

Beryl nyathina,

Marahaba, nyathina, mwanangu. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Simoni amefika na gari limejaa matope mpaka kwenye kioo.

Nakupata vizuri sana. FM huku hazifiki, zinakwaruza tu, lakini yenu ya masafa ya kati inaingia kama vile umekaa hapa jikoni. Ikifika saa kumi naacha kila kitu. Juzi yule mama wa Kerende alipopiga simu akadai refa ni mjomba wa golikipa, nilicheka mpaka nyani wakaruka kutoka kwenye bati.

Watalii wameisha. Mwezi ujao kambi inafungwa mpaka Julai, maana mahema yanabadilishwa. Wenzangu wote wanakwenda likizo, hata Emanuel wa jikoni. Nitabaki mimi kulinda vitu. Usijali. Tangu mama yako atutoke nimezoea nyumba isiyo na mtu. Simu ndiyo tatizo, mpaka nipande mlimani, na njia ile sasa ina nyati. Tuandikiane tu.

Baba yako,
Orwa

---

Tarime, 19 Aprili 2024

Shikamoo Baba.

Umeshakaa peke yako siku ngapi sasa? Unakula nini? Niambie ukweli, usiniambie "chakula kipo".

Faraji ameondolewa. Walimwita Jumatatu ya wiki iliyopita asubuhi, akatoka ofisini na begi lake na kikombe chake. Hawakumruhusu hata kuaga hewani. Saa kumi nikafungua maiki, nikamaliza sentensi, nikageukia kiti chake kumuuliza kitu. Baba, sikujua nifanye nini na lile swali.

Watu walipiga simu wakimtafuta. Siku ya tatu laini ya simu ikakatwa, ikaamriwa anayetaka kutoa maoni aandike Dar. Sasa karatasi zinatoka hukohuko Dar, mimi nasoma tu: ligi ya Uingereza, ligi ya Hispania, halafu matangazo ya kubeti. Jumapili Kewanja walicheza na Kerende, timu zetu za huku, watu walijaa mpaka wengine wakasimama juu ya malori. Nilitaja matokeo, sekunde kumi hazikufika. Kesho yake nikapewa onyo la maandishi. Bosi akasema, "Kewanja haina mdhamini, dada."

Hakuna wa kunipigia wala wa kunijibu. Naongea na kioo cha studio. Ila najua wewe upo upande wa pili unasikiliza, na nikikumbuka hilo ndipo sauti inatoka.

Mwanao,
Beryl

---

Kambini, 10 Mei 2024

Beryl nyathina,

Marahaba. Nakula ugali na mlenda, na Simoni aliniletea dagaa. Huo ndio ukweli. Mvua imepiga siku sita bila kupumzika, mto umejaa, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Pole kwa mambo ya Faraji. Ni mtu mzuri, mpe salamu zangu.

Mimi nakusikia kila siku. Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Sauti inafika. Wewe endelea kusema.

Kama unaweza, mpe Simoni betri kubwa. Hizi za duka la Mugumu nadhani ni feki.

Baba yako,
Orwa

---

Tarime, 27 Mei 2024

Shikamoo Baba.

Nimekutumia betri nane na majani ya chai. Mimi mzima. Kazi inaendelea kama kawaida. Leo sina mengi.

Mwanao,
Beryl

---

Kambini, 7 Juni 2024

Beryl nyathina,

Marahaba, na asante kwa betri na majani. Barua yako ilikuwa fupi, nikasema bila shaka aliandika huku anakimbilia studio.

Jumatano nilikusikia. Ulikuwa na furaha siku hiyo, ukacheka vile ulivyokuwa unacheka ukiwa mdogo. Nilifurahi sana.

Tembo walipita hadi mlango wa jikoni, mkubwa na watoto wawili. Nilitafuta wa kumwambia nikakosa, nikaliambia sufuria. Siku hizi sufuria nalisemesha sana. Halibishi.

Baba yako,
Orwa

---

Tarime, 17 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne, na usingizi sipati. Nisamehe kwa nitakachosema.

Jumatano hiyo sikuwa hewani. Sijawa hewani tangu tarehe 17 Mei. Bosi aliniita akasema kipindi kitatoka Dar moja kwa moja, akaniambia hongera kwa mchango wangu, akanipa mkono. Mimi nikampa wangu. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilimpa.

Ile barua fupi ilikuwa uongo. Nilifikiri ukijua sipo redioni, hutakuwa na hata mtu mmoja wa kukusemesha jioni. Nikaona ngoja nitafute kazi kwanza, nitakuambia baadaye. Nilidhani utasikia kipindi cha Dar ukaniuliza. Badala yake unaniambia umenisikia nikicheka.

Ulimsikia nani, Baba? Naogopa. Nimemwonyesha Faraji barua yako, akaisoma mara mbili, akaniambia nikuandikie leo hii. Kama upweke umekuzidi niambie, hakuna aibu.

Shangazi Akech amenipatia kazi dukani kwake Migori, kuuza nguo za watoto. Naondoka Jumamosi tarehe 29. Nijibu kabla sijavuka mpaka wa Sirari. Tafadhali.

Mwanao,
Beryl

---

Kambini, 26 Juni 2024

Beryl nyathina,

Marahaba. Sijachanganyikiwa. Futa machozi kwanza, halafu uendelee.

Redio yangu ilinyamaza tarehe 30 Aprili. Ulikuwa unasema, "Na sasa tuelekee," ikakatika hapo. Nilibadilisha betri. Nilipanda nayo juu ya tangi la maji, nikafunga waya mtini. Ni mvumo tu. Zile betri ulizonitumia nazo nikaweka, mvumo ule ule. Baadaye Simoni akauliza Mugumu, akaambiwa wenye redio wapya wamezima mtambo wa masafa ya kati. Unakula umeme mwingi, wanasema, FM inawatosha. Ninyi wa Tarime mnasikiliza FM, msingejua.

Siku chache baada ya redio kukatika, barua yako ya Aprili ikafika. Umeandika kwamba sauti inatoka kwa sababu unajua nipo. Ningekuandikiaje kwamba sipo?

Basi kila saa kumi nilikaa mezani na ule mvumo. Nikawa nawaza, sasa anasalimia, sasa anataja Kewanja kwa kuiba, sasa anacheka. Ile Jumatano niliiwaza mpaka nikaiamini. Kumbe wewe muda huohuo ulikuwa umekaa chumbani kwako kimya. Wiki hizo zote, nyathina. Mimi huku, wewe huko.

Meneja amekuja leo na gari la Simoni kukagua mahema. Nimemwambia naondoka kesho. Akasema, "Mzee Orwa, tunafungua Jumatatu. Ukiondoka, nafasi yako nampa mtu mwingine." Nikamwambia, "Mpe." Akadhani natania. Nilipomkabidhi funguo ndipo akavua miwani.

Sehemu hii naiandika Alhamisi, stendi ya Mugumu. Basi la Tarime bado linangoja abiria. Barua sikumpa Simoni, nimeikunja nakuja nayo mwenyewe, na mambo ya Migori tutayazungumza tukiwa tumekaa.

Nitakupa mkononi. Usiisome kimoyomoyo. Nisomee kwa sauti, polepole, kuanzia juu.

Baba yako,
Orwa