Haraka ya Kupanda Kabichi

Jumanne, 8 Aprili
Miche kumi na saba imelala chini asubuhi hii, imekatwa shingoni kama kwa wembe. Nimefukua kando ya mmoja. Funza mnene wa kijivu, amejikunja. Nimemponda kwa kisigino. Chuki tupu.

Wairimu alisema Januari, akirudi kazini Olkaria: kabichi zikishika, nakuja kukaa. Mke wangu hasemi ovyo. Hapa Njoro pamenichosha bila yeye.

Jumatano, 9 Aprili
Leo miche arobaini na mmoja imekatwa. Nimeponda funza, nimezungushia kila mche jivu. Mama amekuja kutazama. Huruma hana.

"Si nilikwambia shamba likae uchi wiki mbili? Hao wadudu wafe njaa, ndege wawale. Wewe unalima Jumamosi, Jumatatu unapanda! Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Nilikuwa namkimbilia mtu.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua imeosha jivu lote. Wairimu ameuliza kwa simu kabichi zinaendeleaje. Nikasema fiti. Nikatuma picha ya kona ya juu, ambako bado zimesimama. Akafurahi kama mtoto.

Najidharau.

Jumapili, 13 Aprili
Kanisani sikusikia neno. Nafasi ya Wairimu kando yangu ilikaliwa na mzee mmoja mwenye kikohozi. Nimerudi, hata kona ya juu imeanguka. Haraka haraka haina baraka. Nilifundishwa hilo nikiwa darasa la kwanza, na bado.

Nimempigia. Nimesema yote, hata picha.

"Kwani uliharakisha juu yangu?"

"Eeh."

Kisha akasema zamu yake imefika, akakata.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimelima upya, kila kitu chini juu. Ndege weupe, yangeyange, wamenifuata nyuma wakiokota funza. Wamenenepa kwa ujinga wangu. Simu haijalia.

Jumanne, 15 Aprili
Haijalia.

Jumatano, 16 Aprili
Ujumbe, saa nne: "Usipande kabla sijafika. Nimeomba likizo mwisho wa mwezi. Tutapanda pamoja, na hiyo haraka yako nitaisimamia mwenyewe."

Nimeusoma hadi chaji ikaisha. Hajasema atakaa. Pia hajasema hatakaa.

Jumamosi, 19 Aprili
Shamba tupu. Magugu mawili matatu yameota, nimeyang'oa. Mama amepita, ameangalia udongo, amekubali kwa kichwa.

Mchana nimetafuta jembe la Wairimu nyuma ya stoo. Mpini ulikuwa umeoza. Nimechonga mwingine, mfupi kidogo, anavyopenda.