Paneli Chini ya Shuka

Kaka,

Sisi wazima, cherehani yangu nayo bado inasukumika.

Eti umesikia huko kwamba sola ni hasara, hairudishi hata gharama yake? Umenichefua! Hiyo paneli uliyotutumia imeota jua lini? Kila asubuhi mama anaifunika kwa shuka isipauke. Nimemweleza mpaka mate yamenikauka kwamba bila jua haitoi umeme. Ananijibu, "Mwanangu akirudi aikute mpya." Halafu anawasha kibatari, moshi unamtoa machozi.

Ulipoituma ulisema nawe unafuata. Huu mwaka wa ngapi? Jana niliivua ile shuka, mama akalia kama nimefukua kaburi. Nimeifunika tena.

Habari za faida usiniulize. Njoo uifunue mwenyewe.

Ni mimi, dada yako.