Jethro na Maombi ya Mvua

Drusi, uko? Jethro ametuaibisha kanisani kwetu Nyacheki leo. Bado siamini!

Unajua huyo kaka yangu anafundisha watu kurusha ndege huko Nairobi. Kitu hajawahi kuambia mtu ila mimi ni kwamba analipwa saa za angani pekee. Mvua ikinyesha, anakaa chini bure.

Sasa mzee wa kanisa akasimama: "Chai inakauka mashambani. Rubani wetu, wewe uko karibu na Mungu, tuombee mvua."

Rubani wetu!

Jethro akafunga macho: "Bwana, nyeshea Nyacheki, lakini usinyeshee Nairobi, kwa maana ndege isiporuka mimi sili."

USINYESHEE NAIROBI, Drusi!

Baba akauliza kwa sauti: "Kwani niliuza shamba la chai nikusomeshe urubani ndiyo uwe kibarua?"

Jethro, macho bado yamefungwa: "Amina."