Maganda ya Mkate wa Bwana

Jumamosi, 3 Mei
Zamu yangu tena ya kukata mkate wa meza ya Bwana. Tunatoa maganda, ile nyama ya ndani tunaikata vipande vidogo. Mama Kimani alitoka kwenda kuteka maji ya kuosha vikombe. Nikabaki peke yangu kwa jikoni ya kanisa na maganda. Nikayala. Yote. Nimesimama, macho kwa mlango kama mwizi. Hii si mara ya kwanza.

Daktari wa Kajiado alisema ngano basi, maisha yangu yote. Matumbo hayapatani na hiyo gluteni iliyo ndani yake. Hakuna chapati, hakuna mandazi, hakuna mkate. Mume wangu, Baba Nekesa, mtu wa chapati tangu nimjue, akasema kama mama hali, hatuli. Nyumba nzima sasa ni viazi vitamu na nduma. Hata Nekesa anabeba nduma shuleni, anachekwa.

Na mimi nakula maganda. Shenzi kabisa.

Jumapili, 4 Mei
Nilibaki kwa benchi wengine wakienda mezani. Tangu nianze kubaki kuna wanaonong'ona ati niko na dhambi kubwa. Zamani ilikuwa inanikasirisha. Leo niliinamisha kichwa tu. Baba Nekesa alinifinya mkono kunitia moyo kabla hajainuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 6 Mei
Tumbo. Naharisha tangu jana. Nimeoga nikishika ukuta.

Cha ajabu ni huu ulimi. Chai yenye sukari nyingi kama zamani siwezi, naisikia kama dawa ya kikohozi. Sukuma wiki imekuwa tamu yenyewe. Na ugali wa wimbi! Ule nilikuwa naficha wageni wakija, wasiseme tumetoka ushago, huko mashambani, juzi, sasa ndio naota. Ulimi umeshahama. Kichwa ndicho kimekataa. Mama Kimani akikaanga chapati hapo nyumba ya pili, mate yananijaa mdomoni hadi naona haya mbele ya mtoto.

Baba Nekesa ameuliza nilikula nini. Nikasema ugali tu.

Jumatano, 7 Mei
Ole wangu. Kwa hilo jibu langu ameenda poshomili kwa Mzee Lemayian, anayetusagia unga. Anadai mzee alisaga ngano ya watu, kisha akamwaga mahindi yetu kwa mashine hiyo hiyo. Alimfokea mbele ya foleni. Alimwita muuaji. Nekesa alikuwepo, ndiye amenisimulia. Mzee alivua kofia, akaishika.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikanywa uji, nikalala.

Ijumaa, 9 Mei
Mzee ametuma unga wa wimbi. Ujumbe wake: amefungua mashine yote akaisafisha, akasaga wetu wa kwanza asubuhi kabla ya mtu mwingine. Kwa ajili ya mama mgonjwa.

Nimeusonga. Ile harufu tu ya moshi na udongo! Nimekula hadi nikakwangua sufuria. Halafu nikalia. Baba Nekesa anafikiri ni furaha. Akatabasamu, maskini, akaniongeza mboga.

Jumamosi, 10 Mei
Nilimwambia Mama Kimani akate mkate, mimi nioshe vikombe. Alipotoka nikachukua ganda moja. Kujijaribu, nilijidanganya. Halikuwa na ladha. Kama karatasi imelowa. Nikalitema.

Kumbe ni hii. Nimemtukanisha mzee wa watu kwa ajili ya karatasi.

Jumapili, 11 Mei
Wengine wakainuka. Baba Nekesa hakuinuka. Nikadhani anakaa kwa ajili yangu, nikamnong'oneza aende. Akasema, "Nimemtusi mzee na sijamwomba msamaha. Hapo mezani naenda na uso gani?"

Tumekaa wawili, watu wanatupita. Nikamwambia hapo hapo. Maganda, na ule uongo wa ugali tu. Hakunitazama. Aliondoa mkono wake kwenye wangu taratibu, akauweka kwa goti lake.

Jioni alikaa upande wa Nekesa. Chakula alikula.

Jumatatu, 12 Mei
Tulienda poshomili kabla ya kazi, na mfuko wa wimbi wa kusaga. Baba Nekesa mbele, mimi nyuma. Aliomba msamaha wake kwanza, akasogea kando. Hakunisaidia. Foleni ilikuwepo na nikasema mbele ya watu, maana mzee alitusiwa mbele ya watu. Lakini sauti yangu ni ndogo, na mashine ilikuwa inanguruma. Mzee akaweka mkono sikioni. Akaona bado hasikii, akaizima.

Ikabidi nianze tena mwanzo, kukiwa kimya, kila mtu na gunia lake.

Nilipomaliza mzee alinisalimia kwa Kimaasai, kana kwamba ndio nimefika sasa. Takwenya. Nikaitikia, Iko. Akauliza kama ule wimbi umeisha. Nikasema umeisha. Akapokea mfuko wetu, akawasha mashine.