Mizani ya Mavivi

Jumatatu, 4 Machi
Mavivi. Mvua tena, uwanja wa ndege ni tope tupu. Nimepanga masanduku ya jeshi ndani ya ndege kama kawaida, mazito katikati, na kuandika uzito alionipa Paluku, mpimaji wetu. Tani mbili. Ndege imenyanyuka mwisho kabisa wa uwanja. Mimi nimeogopa.

Jumatano, 6 Machi
Leo vilevile. Tani mbili gani hizi? Kuna mtu anapitisha vitu visivyopimwa, na aliye karibu na mizigo ni Paluku. Anacheka sana na askari. Wanampa sigara. Simwamini.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemkodolea macho asubuhi nzima. Sijakamata kitu. Basi ni mjanja.

Jumamosi, 9 Machi
Nusura tufe. Magurudumu yamegonga matawi ya miti. Tuliporudi Mavivi mchana nilikwenda moja kwa moja kwa komanda, nikataja jina. Askari wawili wakamkamata Paluku palepale kwenye mizani.
"Yaya, mimi naandika tu ile mizani inasema!"
Eti yaya, kaka yake mkubwa! Wamempandisha kwenye pikapu kuelekea Beni. Nimefurahi, sifichi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepima mwenyewe, sanduku kwa sanduku, na mlango wa ndege sikuuacha. Tani mbili. Ndege ilikuwa nzito kama juzi. Sielewi.

Jumanne, 12 Machi
Nimepanda mwenyewe kwenye mizani. Kilo hamsini na nane. Mwezi jana, hospitalini Butembo, nilikuwa na sabini na mbili, na mkanda wangu bado unafungwa tundu lilelile.
Nimeuliza. Mizani hii askari waliitoa juzijuzi kwenye depo ya mnunuzi wa kahawa. Wanunuzi huzichezea ili gunia la mkulima lionekane jepesi. Baba aliibiwa hivyo kule Mutwanga kila msimu, na magunia niliyabeba mimi. Mimi, kuliko mtu yeyote hapa, nilipaswa kujua.
Nimekimbia kwa komanda, nikamweleza yote, kwamba Paluku hana kosa.
"Ile mambo ilishaisha," akasema. Hakuniangalia.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua imeacha. Mke wa Paluku amekuja uwanjani na bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani imefungwa kwa kitambaa.
"Papa, hauyamuona bwana yangu?"
Nimesema hapana. Akaniomba nimpelekee chakula, maana mimi nimezoeana na askari.
Nimepokea sahani.