Baba Chini ya Gari

Jumamosi

Na fundi wa gereji ya Kimbo aliapa gari yangu inagongagonga kwa sababu ekzosi, bomba la moshi, yote imeoza!

Leo nilipofika kwa Baba, huko Theta, alitoka nje kabla sijazima injini. Tangu tumzike Mama hatoki, hata nikimwita.

"Hiyo kelele ni ya bati," akasema. "Zima, ipoe kwanza."

Ilipopoa akalala juu ya gunia chini ya gari, akaigonga ekzosi kwa ngumi, polepole, kutoka mbele hadi nyuma. Kweli, bati la kukinga joto lilikuwa limelegea. Akalikaza kwa waya. Nilihofia mgongo wake.

Alipotoka, uso umejaa vumbi, akauliza, "Kwani hapa hakuna chai?"

Miezi miwili nimekuwa nikimbembeleza anywe hata chai. Nikakimbia jikoni nisilie mbele yake.