Msimwongezee Mfinyanzi Nguvu

2 Februari

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na wewe, mvuke wa pasi umekuacha salama? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanikomesha. Navaa soksi mbili mbili kama mtu anayeficha kitu. Ningepiga simu, lakini simu zetu zote huishia kwenye "unanisikia?" na "sikusikii," halafu mama anasema barua pepe ni nzuri zaidi kwa sababu akipenda anasomewa tena. Basi namwandikia na yeye humu humu. Shikamoo mama!

Sasa vuta kiti. Gemu letu limezaliwa! Linaitwa Ulingo wa Radi. Wapiganaji kumi na wawili, wanapambana wawili wawili, na kila mmoja ana ufundi wake. Kuna Mhunzi, nyundo yake ikikupata unasahau jina lako. Kuna Mfumaji, mwembamba, anakunasa kwa nyuzi kutoka mbali, lakini ukimfikia karibu ni kama umeshika karatasi. Na wengine utawaona mwenyewe.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana jirani anadhani nalipwa kwa kucheza. Kazi yangu ni kusawazisha. Kila mpiganaji lazima awe na njia ya kushinda na njia ya kushindwa. Mmoja akizidi, watu wote watamkimbilia yeye, na gemu litakufa kabla halijaota meno. Tukipatia, watu watalishindania miaka na miaka, na kila mwezi watagundua jambo jipya.

Wa kwetu anayeshika mkia ni Mfinyanzi. Ni mama mnene wa makamo, aproni imejaa matope, anatembea kama amebeba ndoo. Silaha yake ni chungu kinachobingirika polepole mno. Hakuna anayemchagua. Naambatisha namba ya siri ya kufungulia toleo la majaribio. Cheza, kisha niambie ukweli, usinionee haya kwa kuwa mimi ni kaka yako.

Kaka yako

*

11 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko kwenye soksi zako mbili? Sisi hatujambo. Mama anaitikia marahaba, na anauliza kama unakula au unatafuna kompyuta. Mgongo umetulia. Mimi mkono uliochomwa na mvuke umepona. Kazi ni ileile, mashuka ya hospitali asubuhi, mashati ya wenye ofisi mchana, na tajiri wa duka la dobi akipiga kelele kwamba kola haina mstari.

Kaka, gemu hili ni moto! Nimelipeleka kwa Bisibisi, yule fundi simu wa pale kona. Nyuma ya duka lake kuna kachumba kenye skrini kubwa aliyoifufua mwenyewe, na sasa jioni nikitoka kazini hakuna pa kukanyaga, watu wamejaa hadi mlangoni. Bisibisi amemchukua Mhunzi na hataki mwingine. Kila akipiga nyundo anapiga na mdomo: "Lala! Lala na usiote!"

Mimi nimemchagua Mfinyanzi. Ulisema hakuna anayemtaka, nikasema huyu ni wangu. Siku za kwanza nilipigwa nikachoka kuchekwa. Mama, akiwa amekuja kunifuata, aliuliza, "Huyo mama wa matope amekufa tena?"

Lakini sikiliza. Juzi nilirusha chungu, halafu badala ya kusimama nikakifuata nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu anayejificha nyuma ya mkokoteni. Bisibisi akakipiga kwa nyundo, na nyundo ikanasa kwenye udongo! Kidogo tu, lakini kikanitosha. Raundi iliyofuata akaogopa kukipiga, akakiruka. Akatua mikononi mwangu, nikambwaga. Chumba kizima kililipuka. Bisibisi alitazama kidude chake cha kuchezea kana kwamba kimemsaliti.

Mfinyanzi si dhaifu, kaka. Anataka mtu anayefikiri.

Mdogo wako

*

24 Februari

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mimi nimesimama wima kwa furaha yako. Barua yako nimeisoma nikiwa nimepanga foleni ya chai, nikamwaga chai.

Video ulizoambatisha nimezionyesha ofisini. Wenzangu watatu walicheza kwa mtindo wako mpaka wakasahau kwenda kula. Hata sisi tuliomtengeneza hatukujua kwamba chungu kinaweza kuwa ngao! Basi nikampelekea Mkuu wa timu yetu. Ni mwanamke mwenye akili kali na hacheki kabla ya saa sita mchana. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu ni mtu mmoja. Mimi nina maelfu ya mapambano, na Mfinyanzi ameshindwa karibu yote." Anataka chungu kiongezewe kasi, tena sana, ili watu wamchague.

Mimi sijui nisimamie wapi. Wewe ndiye unayemjua kuliko wote. Unasemaje?

Kaka yako

*

27 Februari

Kaka,

Salamu za mbio mbio, mama hajambo, mimi sijambo, baridi ikupungukie.

Msimwongezee! Msimwongezee hata chembe! Nakuandikia nikiwa kazini, shuka linaningoja kwenye pasi.

Chungu ni polepole, na hapo ndipo utamu ulipo. Mwenye pupa kinamnasa. Mwenye subira anakingoja, anarudi nyuma, anakikinga, kisha ananivamia kabla sijapata kingine. Bisibisi amelijua hilo, na sasa ananipiga nusu ya mapambano. Tunatoka jasho! Kila jioni yeye anakuja na jibu na mimi nakuja na swali jipya. Sasa chungu kikienda kasi, huyo mwenye subira atasubiri saa ngapi? Hatakuwa na jibu lolote. Na mchezo usio na jibu si mchezo, ni kipigo.

Wanaoshindwa wakimtumia ni wageni tu waliopenda aproni yake. Mwambie Mkuu wako awape muda. Mtoto hafundishwi kutembea kwa kufungwa magurudumu.

Na sasa habari yenyewe. Kutakuwa na mashindano ya mji mzima mwanzoni mwa Mei, kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Mshindi anapelekwa kwenye fainali kuu, na fainali kuu iko wapi? Huko huko uliko! Nimehakikisha, nimemwuliza mwandaaji kwa mdomo wangu. Miaka minne hatujaonana, kaka. Nikishinda nakuja kukutembelea na mama ameshaanza kufunga kifurushi.

Mdogo wako

*

22 Machi

Mdogo wangu,

Natumai hali ni njema hapo nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilibishana, nakuapia. Nilisimama mbele ya timu nzima nikasema maneno yako yale yale. Tulipopiga kura, mikono ya upande wangu ilikuwa miwili, na mmoja wa hiyo ni wangu. Mabadiliko yatatoka wiki moja kabla ya mashindano yenu. Chungu kitaenda kasi maradufu.

Lakini usinune kwanza. Niliporudi kwenye kiti changu moyo ulicheka kwa siri. Nilijiambia, basi sasa hakuna wa kumzuia mdogo wangu, atakuja. Tayari nimemwomba mwenye nyumba godoro la ziada.

Kaka yako

*

14 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo? Umekaa kimya, si kawaida yako. Mama anaumwa? Kama ni mimi niliyekosea, nitukane basi, matusi nayo ni habari.

Kaka

*

6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo ya kununa nimeimaliza, pokea ya kweli. Hujambo? Mama ni mzima kabisa, mgongo umesahaulika. Utaona kwa nini.

Nilikasirika. Siyo kwa ajili ya kura, kura ni kura. Nilikasirika kwa lile godoro. Kumbe uliona siwezi kufika kwako bila kubebwa? Ndiyo maana nilinyamaza. Yameisha. Sasa nipishe nikusimulie, maana tangu juzi sijakaa chini!

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakapanda madirishani. Mama alikuja, akakaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani kama yuko kwa daktari. Na ikawa kama nilivyosema. Kila skrini ni Mfinyanzi. Mfinyanzi na Mfinyanzi! Vyungu vinapishana kama magari barabarani, anayetangulia kurusha ndiye anayeshinda. Watu walianza kuchezea simu zao. Hata mtangazaji aliishiwa maneno, akawa anasifu viti.

Mimi nilishinda tu. Mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote waliangushwa na chungu na sikufikiri hata mara moja. Nilisikia kama nakula chakula alichokitafuna mtu mwingine.

Fainali nikakutana na nani? Bisibisi! Yeye peke yake katika ukumbi mzima alibaki na Mhunzi wake. Sijui alivukaje, kaka, alipigana kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mamba. Mshindi ni wa kwanza kufikisha mapambano matatu. La kwanza nikalichukua bila kutoka jasho. Alijaribu kusubiri kama nilivyomfundisha, na hakukuwa na cha kusubiri. Akanigeukia, hakupiga mdomo, akasema tu, "Hongera. Endelea tumalize."

Hilo "tumalize" likanichoma. Huyu ndiye mtu niliyecheka naye kila jioni tangu Februari!

Nikarudi kwenye picha za wapiganaji, nikamwacha Mfinyanzi, nikamchagua Mfumaji. Nilikuwa nimemgusagusa tu, kumpa Bisibisi mazoezi. Ukumbi ukanguruma. Bisibisi akanikodolea macho. "Una wazimu?"

"Kidogo. Cheza."

Kaka, tulicheza! La pili akanivunja. La tatu nikamnasa kwa nyuzi kutoka mbali, kila akisogea namvuta mguu, na wale wa madirishani wakawa wanahesabu mapigo kwa sauti. La nne akajifunza papo hapo, akawa anaruka nyuzi kama mtoto anayeruka kamba. Akaponyoka kwa tundu la sindano, mbili kwa mbili. La mwisho mikono ilikuwa imelowa, naifuta kwenye sketi. Uhai wangu umebaki kama unywele, wake vilevile. Sote tulisimama, hakuna aliyekumbuka kwamba kuna viti. Nikatupa uzi. Akauruka. Nikautazama mwili wa Mhunzi ukishuka na nyundo juu, nikajua, na bado nilikuwa nacheka.

"Lala!" akapiga kelele. "Lala na usiote!"

Nimeshindwa, kaka. Tulikumbatiana mpaka mtangazaji akatutenganisha. Mama alipanda jukwaani bila kuitwa.

"Kwa nini uliacha kushinda?"

"Mama, kule hakukuwa kushinda."

"Na huku ulikopigwa ndiko kushinda?"

"Ndiyo."

Akatutazama wote wawili, akasema, "Watoto hawa wamenishinda," kisha akampa Bisibisi kile kifurushi akuletee. Ndiye anayekuja. Naumia kwamba si mimi, nisikufiche, jana nililia kidogo nikipiga pasi. Lakini ningekuja na chungu kile, ningekuangaliaje machoni?

Mdogo wako

*

19 Juni

Mdogo wangu, mpiganaji wangu,

Salamu nyingi, kwako na kwa mama, kifurushi nimekimaliza peke yangu na sioni aibu.

Video ya fainali yenu ilifika ofisini kabla ya barua yako. Mkuu aliitazama asubuhi, akairudia. Akaniita. "Huyu alikuwa anashinda. Mbona aliiacha silaha kali?" Nikamfungulia barua yako ya Februari, nikamtafsiria sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye mchezo usio na jibu alininyamazisha kwa mkono. Kisha akafungua mlango, akaiambia timu nzima, "Rudisheni chungu kilivyokuwa." Na ilikuwa kabla ya saa sita, lakini alitabasamu!

Fainali kuu imechezwa juzi na chungu cha polepole. Kati ya wanane wa mwisho hakuna wawili waliochagua mpiganaji mmoja! Watu walipiga kelele hadi koo zikakauka, na wawili kati yao walikuwa na Mfinyanzi— hapana, nakudanganya kwa furaha, ni mmoja, na alitembea nyuma ya chungu kama wewe. Mtangazaji anauita mwendo ule "mkokoteni." Bisibisi alitolewa raundi ya pili, akapigiwa makofi kama bingwa. Sasa yuko kwenye lile godoro, anatengeneza simu ya mwenye nyumba.

Yeye ndiye aliyeniambia jana, akiwa na bisibisi mdomoni, "Wewe kaka mtu, kila siku unangoja ndugu yako apate tiketi. Kwani wewe miguu huna?" Kila mwaka nilisema nitakuja gemu likitoka, gemu likitoka. Limetoka.

Nimepewa likizo ya mwezi mzima. Tunakuja naye Jumamosi, mimi na yeye. Msije kutupokea, nataka kutembea mtaa mzima kwa miguu yangu na kubisha hodi mwenyewe.

Kaka yako

*

20 Juni

Kaka,

Mama amesoma mwenyewe, hakungoja kusomewa. Anasema kubisha hodi ni kwa wageni. Wewe sukuma mlango uingie.

Mdogo wako